Vidole vitatu, ndege mmoja na marais wawili: Mockingjay Part 1 ilivyotuingia hapa Arua

Ukiuliza watu wa Arua, hapa Uganda, kuhusu The Hunger Games, wengi watakwambia ile ya kwanza ndio yenyewe, ile ya watoto kuuana msituni, ya pili pia wanaikubali, alafu ukifika kwa Mockingjay Part 1 wanakunja uso, eti imelala, eti masaa mawili watu wanaongea tu chini ya ardhi. Mimi nasema kati ya zile nne za Katniss hiyo ndio kubwa. Naandika hii manake kibanda kimoja cha video huku mtaa wa Oli kimeirudisha juzi kwa skrini, na vijana ambao walikuwa bado primary ya chini wakati inatoka Novemba 2014 ndio wameiona kwa mara ya kwanza, na ubishi uliotoka pale umefika mpaka stendi ya boda.

Kwa wasioijua, kwa ufupi. Nchi inaitwa Panem. Mji mkuu, Capitol, unakula na kuvaa, na wilaya 12 zinachimba makaa, zinakata miti, zinalima, zinavua samaki ili Capitol ile na ivae. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana na msichana mmoja waende wauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja, na hiyo ni adhabu ya uasi wa miaka mingi iliyopita. Katniss Everdeen wa Wilaya ya 12 anajitolea badala ya mdogo wake Prim, anashinda pamoja na mwenzake Peeta kwa kuwakatalia wakubwa mbele ya nchi nzima, na kuanzia hapo amekuwa tatizo la serikali. Part 1 inaanza waasi wameshamchomoa uwanjani, kwao kumechomwa kwa mabomu, na yeye yuko Wilaya ya 13 ambayo serikali ilikuwa inadanganya watu kwamba ilifutika. Vitabu ni vya Suzanne Collins, ambaye amewahi kusema wazo lilimjia akibadilisha chaneli za TV, huku vijana wanashindana, huku vita ya Iraq, mpaka vyote viwili vikachanganyika kichwani mwake. Muvi yenyewe imeongozwa na Francis Lawrence. Basi, hapo umeshajua ya kutosha.

Nianze na vidole, manake Uganda sisi ni watu wa vidole. Mtoto wa P3 hapa anajua ishara za vyama, dole gumba juu ni NRM, vidole viwili ni FDC, kiganja wazi ni UPC, ngumi ni People Power na sasa NUP. Wakati wa kampeni hata kumpungia mtu upande wa pili wa barabara unafikiria kwanza mkono wako umekaaje. Sasa kwa skrini Katniss anaweka vidole vitatu vya katikati mdomoni alafu anavinyoosha juu, na nyuma yangu kijana akamuuliza mzee aliyekaa naye benchi moja, "Haji, na hiyo tatu ni ya chama gani?" Haji akajibu macho yake yako kwa skrini, "Hiyo si ya chama, mwanangu. Hiyo ni ya msiba."

Na Haji amepata kabisa. Wilaya ya 12 ile ishara ni ya kumuaga mtu mliyempenda, ni ya mazishini. Katika muvi ya kwanza Katniss anaifanya mbele ya kamera baada ya kumfunika Rue kwa maua, mtoto mdogo wa Wilaya ya 11 aliyeuawa, na hakuwa anafikiria siasa hata kidogo, alikuwa na uchungu tu. Ya pili akienda Wilaya ya 11 kuwapa pole watu wa Rue, mzee mmoja katikati ya umati anapiga mluzi, ule wimbo mfupi wa Rue, anainua vidole vitatu, umati wote unainua, na askari wale wa nguo nyeupe wanamtoa yule mzee mbele wanampiga risasi watu wote wakiona. Kuanzia pale ishara imebadilika, na hakuna mkutano uliokaa kuipitisha, hakuna katibu wa chama aliyeandika. Ukifika Part 1 wagonjwa kitandani wanaiinua, na wewe unayeangalia unajua bei yake.

Yaliyotokea nje ya muvi ndio yanafanya niichukulie kwa uzito. Tarehe 22 Mei 2014 jeshi la Thailand lilipindua serikali na likapiga marufuku watu watano au zaidi kukusanyika kwa siasa, kubeba bango ni kesi, basi watu wakaanza kusimama kimya barabarani na vidole vitatu juu. Novemba mwaka huohuo, wiki ileile hii muvi inatoka, wanafunzi watano wa Khon Kaen wakasimama mbele ya Prayuth Chan-ocha mwenyewe, jenerali aliyepindua, akihutubia, wakainua, wakabebwa. Kule Bangkok kuna wenye sinema waliofuta maonyesho ya muvi yenyewe. Alafu 2021 Myanmar, jeshi limepindua tarehe 1 Februari, ishara ileile imejaa barabarani, na tarehe 26 balozi wao Kyaw Moe Tun akaiinua ndani ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, mtu mzima wa suti, sauti inatetemeka. Mwandishi amekaa Marekani akabuni ishara ya mazishi kwa ajili ya kitabu cha vijana na jenerali wa Asia akaiogopa. Mimi sijui muvi ngapi za siasa zimewahi kufanya hivo, na hizo za siasa kabisa, za watu wazima, zenye hotuba ndefu.

Sasa ndege. Mockingjay ni nani? Zamani za ule uasi wa kwanza Capitol ilitengeneza ndege dume wa kupeleleza, jabberjay, anakaa mtini anasikia watu wanaongea anarudi kwa serikali anarudia neno kwa neno. Waasi wakagundua wakaanza kumlisha uongo, serikali ikapigwa kwa taarifa zake yenyewe, ikawaachia wale ndege porini wafe. Hawakufa, wakapandana na ndege wengine wa porini, wakazaa kitu ambacho hakuna aliyekipanga, ndege anayechukua wimbo wa binadamu na kuupeleka mbali. Yaani alama ya uasi imezaliwa na chombo cha usalama kilichowashinda wenyewe. Muvi haikai sana kwa hili, nadhani inategemea umesoma vitabu, na ni hasara, manake ukilijua kila ukiona ile pini ya dhahabu kifuani kwa Katniss unaona aibu ya serikali imening'inia pale.

Na ndio maana Rais Snow (Donald Sutherland, marehemu sasa, alifariki 2024, na sijaona aliyecheza udikteta kwa utulivu kama yule mzee) anatangaza kwamba kuhusika kwa namna yoyote na alama ya Mockingjay ni uhaini na adhabu yake kifo. Kibanda kilinyamaza hapo. Sisi hapa uhaini si habari ya TV. Agosti 2018 wakati wa uchaguzi mdogo wa Arua Manispaa, mawe yakarushwa kwa msafara wa rais, usiku ule dereva wa Bobi Wine, mwanamuziki na mbunge wa upinzani anayeongoza People Power, akapigwa risasi akafa ndani ya gari hapahapa mjini kwetu, na watu 33 wakashtakiwa kwa uhaini, Bobi Wine mwenyewe ndani. Kuna watu kwenye yale mabenchi wanaokumbuka gari lilisimama wapi.

Na habari ya alama vilevile tunaijua. Rangi nyekundu ilianza kupamba moto Septemba 2017 pale bungeni, wabunge waliopinga kuondoa kikomo cha miaka 75 kwa rais wakafunga vitambaa vyekundu kichwani, wakaimba wimbo wa taifa, ngumi zikaruka na viti vikaruka, na Desemba kikomo kikaondolewa hivohivo. Vitambaa vikawa bereti, bereti zikawa za vijana wa People Power nchi nzima, na Septemba 2019 serikali ikaiandika bereti nyekundu katika gazeti lake rasmi kuwa ni vazi la jeshi, raia akikutwa nayo ni mambo ya mahakama ya kijeshi. Hapa sokoni wauza mitumba waliziondoa juu ya meza. Ninachotaka kusema ni kwamba Snow kwa muvi anakutana na shida ileile, ili upige marufuku ndege lazima umtaje ndege, umwonyeshe kwa TV, uwaambie watu wa wilaya ya mbali ambao labda hawakuwa wamesikia kwamba kuna kitu kinaitwa Mockingjay na rais anakiogopa. Na ukishakipiga marufuku watu wanahamia kitu kingine. NUP mwaka 2020 walikuja na mwavuli, na nani atampokonya mama mwavuli Arua mwezi wa nane na mvua hii yetu.

Lakini kama muvi ingekuwa inasema tu kwamba serikali mbaya inaogopa alama nzuri nisingeandika yote haya. Part 1 inaenda mbele, inakuingiza ndani ya karakana yenyewe alama inapotengenezwa, na wanaotengeneza ni hawa wetu, waasi. Kuna ile seni ya studio, mimi ningeilipia peke yake. Wamemvalisha Katniss gwanda zuri jeusi lililochorwa na rafiki yake aliyeuawa, wamempaka uso, wamemsimamisha kwenye jukwaa tupu na moshi wa bandia, mapicha ya vita wataongeza kwa kompyuta, wamempa sentensi moja ya kupiga kelele. Anaipiga. Imekufa. Anarudia, imekufa zaidi, mkono umenyanyuka juu kama umevutwa na kamba, na Plutarch, mpangaji wa propaganda ya waasi (Philip Seymour Hoffman, ambaye alifariki Februari ya mwaka huohuo na muvi wakaitoa kwa heshima yake) anajaribu kuficha uso wake. Haymitch, yule mlevi aliyemfundisha, anaita kikao, anawauliza wote pale mezani, niambieni wakati gani huyu msichana aliwagusa kweli. Mmoja anasema alipojitolea kwa ajili ya mdogo wake. Mwingine, alipomwimbia Rue. Kila wanachotaja ni kitu ambacho hakuna mtu alimwandikia. Basi wanaamua kumpeleka kwenye vita halisi na kamera nyuma yake.

Nilifurahia sana kwamba muvi haituambii kamera ni mbaya. Cressida, mwongozaji wa zile kamera, na watu wake ni waasi kweli, wamehatarisha maisha kutoroka Capitol, na wanachopiga picha kinaokoa watu. Ila muvi inakuonyesha pia jicho la Cressida pale Katniss analia juu ya vifusi, anaangalia mwanga umekaaje kabla hajamuuliza kama yuko sawa. Vyote viwili viko ndani ya mtu mmoja. Sisi tumepita kampeni nyingi, tumeona mtu amelala hospitali na simu kumi zimemzunguka, tunajua hii kitu.

Wilaya ya 8 sasa. Hapo naandika pole pole. Katniss anaingia ghala lililogeuzwa hospitali, hakuna vitanda vya kutosha, maiti zimepangwa upande, na wagonjwa wanamtambua mmoja mmoja, wanamwuliza kama atapigana pamoja nao. Snow anaona ile picha na anatuma ndege zipige hospitali. Haipigi kwa bahati mbaya, anaichagua kwa sababu ni hospitali, ili watu wajue kumsalimia yule msichana kunaleta nini. Ghala linaungua watu wako ndani, na Katniss mbele ya kamera anasema maneno yake makali kuliko yote, kwamba wakiungua wao na Capitol itaungua nao, na safari hii hakuna aliyemwandikia.

Ukitoka Arua mjini kwenda Ombaci ni safari fupi ya boda. Tarehe 24 Juni 1981 watu walikuwa wamekimbilia pale misheni ya Katoliki, kwa mapadri na kwa watu wa Msalaba Mwekundu, wakiamini hapo hapaguswi, na askari wa UNLA wakaingia wakaua raia, wanawake na watoto wakiwemo. UNLA walikuwa ni akina nani? Ni jeshi lililotokana na wale wale waliokuja 1979 pamoja na Watanzania kumtoa Amin, waliopokelewa Kampala kwa shangwe kama wakombozi. Huku West Nile walikuja na kisasi, kwa kuwa Amin alikuwa mtu wa huku basi kila mtu wa huku akawa Amin. Kwahiyo mtu wa Arua wa umri fulani akiangalia Wilaya ya 8 hawezi kuiangalia kama mtu wa Los Angeles, na swali linalomjia si lile la nani ataishinda serikali, ni nani anafuata baada ya serikali kushindwa.

Hapo ndio anaingia Rais Coin, na hapo ndio nasema Part 1 imewapita wenzake. Julianne Moore anamcheza kwa nywele za kijivu zilizonyooka, nguo za kijivu, sauti ya chini. Ni rais wa Wilaya ya 13. Watu wake wanakula chakula cha kupimwa, wanavaa sare moja, hakuna kupendelea, hakuna anasa, na mwanzoni unasema huyu ndio kiongozi, huyu si fisadi. Alafu anza kumfuatilia akihutubia. Mara ya kwanza anasimama mbele ya watu kama mhasibu. Plutarch yuko pembeni anamfundisha. Hotuba inayofuata imepata moto kidogo. Mwisho wa muvi anatangaza ushindi wa kuokoa mateka, mkono uko juu, umati chini unanguruma, na kamera inakata kwenda kwa Peeta amefungwa kitandani amevurugwa akili anajirusha kama mnyama, na Katniss kwenye kioo anaangalia. Sauti ya Coin inaendelea juu ya ile picha, tamu, imekomaa. Ni sauti ya Snow imevaa kijivu. Muvi haisemi hivo kwa neno hata moja, inaweka tu picha na sauti pamoja inakuachia.

Wengi wa vijana pale kibandani walipiga makofi Coin alipohutubia. Haji hakupiga. Tulipotoka nje wanabishana kama Peeta atapona, yeye akasema tu, "Huyo mama wa kijivu ndio wa kuogopa," na wakamwambia haji wewe umesinzia, huyo mama ni upande wetu. Haji alikuwepo Januari 1971 watu wakicheza barabarani Amin amechukua nchi. Alikuwepo 1979. Alikuwepo 1986 NRA, jeshi la waasi la Museveni, walipoingia Kampala na ahadi ya kwamba haya si mabadiliko ya walinzi tu. Hajawahi kusoma kitabu cha Collins na hakuijua Part 2. Kwa wasioiona samahani, naisema kwa kuwa ni ya 2015 na bila hiyo sitaeleweka, Part 2 Coin anajitangaza rais wa muda bila uchaguzi, anapendekeza mchezo wa mwisho wa kuua watoto, safari hii watoto wa Capitol, na Katniss aliyepewa mshale wa kumuua nao Snow anaugeuza anampiga Coin.

Sasa wale wanaosema Part 1 haina mapigano, niwaulize mmeangalia seni ya bwawa kweli? Katniss amekaa kando ya maji anaimba The Hanging Tree kwa sauti ya chini kwa sababu rafiki wa kamera ambaye amekatwa ulimi amemwomba kwa ishara. Plutarch anauchukua ule wimbo anaurusha hewani. Kinachofuata ni usiku, watu wa Wilaya ya 5, hawana bunduki, wanatembea kuelekea bwawa la umeme la Capitol, wamebeba masanduku ya baruti na wanaimba wimbo uleule, na sauti inazidi kila hatua, wa mbele wanaanguka kwa risasi wa nyuma wanapita juu yao, mpaka bwawa linapasuka na taa za Capitol zinazima. Hakuna hata mmoja wao tunayemjua jina. Mimi nikafikiria Pasaka ya 2019 polisi walipozuia tamasha la Bobi Wine kule Busabala, gari la maji na kila kitu, kwa ajili ya nyimbo, na nikaelewa hofu yenyewe inatokea wapi. Wimbo hauna silaha lakini unafundisha watu kutembea pamoja.

Na kuna paka. Part 1 kuna paka mbaya wa Prim anaitwa Buttercup, na wakati mabomu yanaanguka juu na wote wamejificha shimoni, Katniss anacheza naye kwa tochi, anaweka duara la mwanga sakafuni, paka anaruka, mwanga umehama, paka anaruka tena, watoto wanacheka. Ghafla mkono wake unasimama. Uso wake unabadilika bila neno. Ameelewa kwamba Peeta ndio ule mwanga, kwamba Snow anamtoa kwa TV kila mara kidogo amekonda zaidi, shavu limeingia, anasema waasi waweke silaha chini, na yeye Katniss ndio anayeruka. Capitol nayo inatengeneza alama zake, na nyama ya alama yake ni mtu mwenye njaa aliyevalishwa suti. Jennifer Lawrence amefanya mengi kwenye hizi muvi lakini ule mkono wa tochi unaosimama ndio naukumbuka.

Mabaya yapo. Kitabu kimoja wamekikata muvi mbili na sababu ni pesa, wala hakuna nyingine, na kuna katikati pale dakika kama ishirini ungeweza kuzitoa na hakuna mtu angeuliza. Gale, rafiki wa Katniss wa kuwinda naye, anatembea na sura moja mwanzo mpaka mwisho. Ule mzozo wa Katniss anampenda nani, kwangu ungekaa nje kabisa. Na ni muvi ya giza, giza kweli, shimo la Wilaya ya 13 lote ni kijivu na nyeusi, kwahiyo usiende kuiangalia kibandani mchana jua linapopenya kwa matundu ya mabati, utasikia sauti tu. Nenda ya saa mbili usiku.

Kibanda chenyewe, kwa wanaouliza. Elfu moja kuingia, mabenchi ni magumu, jenereta lao likianza kazi umeme ukikatika ni nje nyuma kabisa halisumbui, skrini ni kubwa. VJ wao ni wa hapahapa, anatafsiri moja kwa moja kwa Kiswahili na kuchanganya Kilugbara kidogo. Kuna kitu kimoja amefanya ambacho nampa heko, wale askari weupe amewapa Kiswahili cha kambini, kile cha ukali, cha "lala chini" na "kipande iko wapi", na nikaona watu wazima pale wamekaa vizuri kwenye benchi, manake hicho Kiswahili wamekisikia kwa rodiblok miaka mingi na si kwa muvi. Lakini VJ huyohuyo amenikosea wimbo. Anaongea juu ya The Hanging Tree mwanzo mpaka mwisho, anapiga kelele kama mtangazaji wa mpira bwawa linapopasuka, na ile seni ya paka amejaza vichekesho vyake. Kaka, kuna sehemu VJ anatakiwa kunyamaza, na hii muvi ina sehemu nyingi za namna hiyo.

Kwahiyo ushauri wangu, iangalie kibandani kwanza kwa ajili ya watu, utasikia nani anacheka wapi na nani ananyamaza, na hiyo ni nusu ya utamu. Alafu tafuta kopi isiyo na VJ uiangalie nyumbani na spika nzuri. Mia tano tu kwa laibrari za muvi, ila kabla ya kulipa mwambie aisogeze mpaka mwisho uone kama imekamilika, kuna duka lilinipa inayokatika kabla ya hotuba ya mwisho ya Coin, na bila ile hotuba umekosa kila kitu. Mimi naipa nane kwa kumi, na tisa kama unaishi nchi iliyobadilisha serikali kwa bunduki.

Na chukueni Part 1 na Part 2 siku moja. Yule kijana wa kompyuta atataka kukuwekea Part 2 peke yake eti ndio ina vita, mkatalie, manake mtu asiyemwona Coin akijifunza kuhutubia atafika kwa ule mshale wa mwisho na kufikiri Katniss amechanganyikiwa.